Herufi N kwenye Jiwe la Fundi Saa

Mama Patasi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa zaidi ya thelathini kati ya hiyo kazi yake ilikuwa kuchonga majina ya watu kwenye mawe ya makaburi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati. Vumbi la marumaru lilikuwa limeingia kila pembe, kwenye nyufa za meza, ndani ya redio, kwenye nyusi zake mwenyewe. Baba yake ndiye aliyemfundisha kazi, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kumfundisha. Jina alilobatizwa watu walikuwa wameshalisahau. Hata paroko, akitangaza michango kanisani, alimwita Mama Patasi, na hakuna aliyecheka.

Kilatini hakukijua. Wateja wengi walitaka zile herufi tatu tu, R.I.P., na herufi tatu hazimsumbui mtu. Wachache waliotaka maneno kamili aliwafanyia kwa njia moja tu. Alifungua droo ya chini, akatoa karatasi ngumu iliyogeuka rangi kama chai, yenye mwandiko wa baba yake, akaiweka juu ya karatasi ya kaboni na kufuatisha kwa penseli: REQUIESCANT IN PACE. Kisha akachonga. Aliyajua maneno yale kama unavyomjua mtu mnayepishana naye kila siku barabarani bila kusalimiana.

Basi ikatokea Jumatatu moja asubuhi, wiki tatu baada ya kusimamisha jiwe la fundi saa mmoja aliyekuwa ameimba kwaya miaka arobaini, mjane wake akaingia karakana. Alikuwa amesindikizwa na mkwe wake, mwanamume mnyamavu aliyewahi kusoma seminari kabla hajaamua kuoa.

"Shikamoo, mama," Mama Patasi akasema, akifuta kiti kwa kitambaa.

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Mjane akamtazama mkwe wake. "Mwambie."

Mkwe akakohoa. "Fundi, pale kwenye jiwe la baba, uliandika watu wangapi?"

"Watu? Mmoja. Si marehemu?"

"Pale chini, kwenye Kilatini. Umeweka N. Requiescat ni apumzike. Requiescant ni wapumzike. Umeandika wapumzike kwa amani."

Mama Patasi alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu mjane hakuwa akicheka. Mikono yake ilikuwa imeushika mkoba kama mtu aliyeketi kwenye gari linalokwenda kasi.

"Mle ndani yuko mume wangu peke yake," mjane akasema. "Sasa huyo mwingine anayesubiriwa ni nani? Ni mimi?"

"Mama, usiseme hivyo. Ni herufi tu. Nitairekebisha."

"Herufi tu," mjane akarudia, akatoka.

Mama Patasi hakuirekebisha. Siku ya kwanza alisema mkwe huenda amekosea, maana aliacha seminari mwaka wa pili. Siku ya pili alisema ana jiwe lingine la kumaliza. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa hata kwenda kuliangalia. Kila alipofungua droo ya chini kutafuta msasa, aliiona ile karatasi na kuifunika kwa gazeti.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Alikuwa mkwe. Mama mkwe wake ameanguka akianua nguo, yuko wodini, mapafu yamejaa maji.

"Anakuulizia," mkwe akasema. "Anauliza kama umeshaitoa."

Mama Patasi aliketi juu ya jiwe lisilo na jina. Yeye si mtu wa kuamini mambo ya gizani. Alikuwa amefanya kazi kati ya makaburi tangu utotoni na hajawahi kuona kitu kikitembea. Lakini sasa aliitazama mikono yake na kuiogopa. Je, kama imeandika kitu ambacho kichwa chake hakikukijua, na kitu hicho kimesikika?

Mchana ule ule akaenda kwa Sista.

Sista huyu alikuwa amefundisha Kilatini seminarini mpaka magoti yalipomshinda ngazi. Sasa alikaa nyuma ya ukumbi wa parokia, akibandika kwa gundi vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Alisikia kwa sikio moja na alikuwa na hasira za haraka. Mama Patasi alimweleza yote huku macho yake yako sakafuni.

"Kwa hiyo unataka nikuambie kwamba herufi imemuua mtu?"

"Hajafa, Sista."

"Basi unataka nini?"

"Nifundishe. Nataka kujua nilichoandika."

Sista akasukuma gundi pembeni, akafungua daftari ukurasa mtupu. "Andika. Amo, amas, amat. Amamus, amatis, amant."

"Maana yake?"

"Napenda, unapenda, anapenda. Tunapenda, mnapenda, wanapenda. Sasa nioneshe, kwetu mtu anakaa wapi kwenye neno?"

Mama Patasi akafikiri. "Mbele. A-napenda. Wa-napenda."

"Na kwao?"

Akaangalia daftari. Akaangalia tena. Akaweka kidole chini ya herufi ya mwisho. "Nyuma."

"Nyuma. Kwao kitendo kinatangulia, mtu anashikilia mkia. T ni yeye mmoja. NT ni wao. Orat, anaomba. Orant?"

"Wanaomba."

"Vivit, anaishi."

"Vivunt?" Mama Patasi alikisia, kwa sauti ya chini.

"Umejuaje kwamba ni u?"

"Nimeliona hilo neno kwenye jiwe fulani la zamani. Sijui lipi."

Sista akaguna, akaendelea. Akamwonyesha kwamba requiescit ni anapumzika, habari tu, lakini ukiitoa ile i ya mwisho na kuweka a, inakuwa apumzike, ombi. "Ni kama kwetu tunavyogeuza a kuwa e. Anapumzika, apumzike. Kila lugha ina mlango wa kuombea."

"Kwa hiyo mimi niliomba."

"Uliomba nini?"

"Niliomba wapumzike. Wakati aliyekuwa amekufa ni mmoja."

Sista alifunga daftari, akampa. "Mungu anajua Kiswahili, Kilatini, na makosa ya wanafunzi wangu. Njoo kesho. Leta na hiyo karatasi unayofuatisha."

Kesho yake akarudi darasani. Alijifunza pax, amani, lux, mwanga, na anima, roho. Alijifunza ora kwa mtu mmoja, orate kwa wengi, omba na ombeni. Alijifunza dona ei na dona eis, mpe na wape, ambayo alikuwa ameyaimba kwenye misiba tangu akiwa mtoto bila kujua kwamba s moja tu inageuza marehemu mmoja kuwa umati. Kila somo lilimwongezea mahali pa kuogopa. Zamani maneno yalikuwa sura za herufi tu. Sasa kila moja lilifungua mdomo.

Sista aliishika ile karatasi ya baba yake kwenye mwanga wa dirisha. "Baba yako alijua Kilatini?"

"Baba? Hata barua alikuwa anaandikiwa."

"Basi hii aliandikiwa na paroko wa wakati ule akainakili. Na paroko hawezi kukosea hapa. Ni neno analozikia watu kila wiki. Kama aliandika wengi, walikuwa wengi. Ilikuwa kaburi la nani?"

Mama Patasi hakujua.

Siku ya tatu asubuhi alichukua daftari na kwenda makaburini. Aliwahi kuandika maneno kamili mara kumi na moja. Aliyakumbuka yote, maana fundi hasahau mawe yake. Alitembea kutoka moja hadi lingine kama mtu anayekagua mitego. Mawe mawili yalikuwa ya mume na mke waliozikwa pamoja. Hayo yalikuwa sawa, kwa bahati tu. Tisa yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, na yote tisa yalisema wao.

Angesimama hapo ingekuwa afadhali. Lakini hofu ina udadisi wake. Akaanza kukumbuka misiba. Kwenye nyumba ya jiwe la pili, dada wa marehemu alifuata kabla mwaka haujaisha. Kwenye ya sita, mjukuu. Kwenye ya nane, mwana wa kiume, miezi mitano tu baada ya baba yake. Nyumba tatu kati ya tisa, na mjane wa fundi saa akiwa wodini. Mama Patasi alishika ukingo wa jiwe, akahesabu tena.

Alikuwa amefika sehemu ya zamani ya makaburi, alipolala mama yake. Alikufa kwa homa, walimwambia, Mama Patasi akiwa na miaka minne. Jiwe lile alilipalilia magugu kila mwezi. Hakuwahi kulisoma chini ya jina na tarehe, kwani alidhani analijua kwa moyo. Sasa alipiga magoti, akafuta ukungu kwa kidole.

REQUIESCANT IN PACE.

Alitoa karatasi ya baba yake na kuilaza juu ya jiwe. Herufi zilikaa juu ya herufi, moja baada ya nyingine, mpaka mkia mrefu wa ile Q ambao baba yake hakuwahi kuuchonga tena popote. Karatasi ilikuwa imetoka hapa. Na paroko hawezi kukosea.

Alikunja karatasi haraka kama mtu aliyefumwa akisoma barua isiyo yake, akaondoka bila kuaga jiwe.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa na miaka themanini na kitu na akili kamili anapotaka. Alimkuta kwenye kiti barazani, miguu imelowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunikata kucha au una lako?"

"Nina langu." Alikaa chini, akachukua mguu mmoja wa shangazi, akaupangusa kwa taulo na kuanza kumkata kucha, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. "Shangazi, mama yangu amezikwa na nani?"

Mguu ukakakamaa mikononi mwake.

"Nani amekuambia?"

"Jiwe."

"Jiwe halisemi."

"Linasema. Nimejifunza kulisoma. Linasema wao."

Shangazi akafumba macho. "Haikuwa homa," akasema. "Ilikuwa uzazi. Mtoto wa kike. Aliishi tangu adhuhuri mpaka jua linashuka, mkunga akambatiza kwa maji ya kikombe. Tukamlaza mkononi mwa mama yake. Baba yako akatuapisha wote. Alisema wewe ni mdogo, ukijua utaogopa kuzaa."

"Na nilipokua?"

"Ulipokua, ikawa imeshakuwa ngumu kusema. Kitu kikikaa kimya miaka kumi, kinaota mizizi." Akafungua macho. "Unalia au unanikata?"

"Nakukata, shangazi," Mama Patasi akasema, machozi yakidondokea beseni.

Ile miaka yote alikuwa mtoto pekee. Na baba yake, ambaye hakuweza kusema, alikuwa amechonga. Aliweka N mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile angeweza kuisoma, kisha akaihifadhi karatasi kwenye droo, na binti yake akaichukua na kuigawa kwa watu tisa wasiohusika. Kidogo hofu ilipungua, maana sasa alijua kosa lilitoka wapi. Lakini haikuondoka. Kujua mlango aliopitia mwizi hakurudishi vitu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda hospitali. Mjane alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, bomba la oksijeni puani, amekonda ghafla.

"Umeitoa?"

"Bado, mama."

"Mimi sitoki humu mpaka itoke." Alivuta pumzi, kila neno likimgharimu. "Najua ni ujinga. Mkwe wangu ameshanihubiria. Lakini nikifumba macho naiona. Wewe unaiogopa pia, nakuona."

"Naiogopa, mama."

"Basi tuko wawili. Nenda."

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, Mama Patasi alipiga magoti mbele ya jiwe la fundi saa. Kabla ya hapo alikuwa ameliandika neno kwenye daftari mara kumi, Sista akalisahihisha kwa wino mwekundu ingawa hapakuwa na cha kusahihisha. N haichomolewi kama jino. Ukiijaza gundi, pengo linabaki na kumtangaza aliyekosea. Ilibidi kusaga neno lote kwa grenda, ile mashine ya kusagia mawe, kushuka milimita chache, kusugua kwa msasa mpaka uso ulainike, kisha kuchonga neno upya.

Grenda ilipoligusa jiwe, vumbi jeupe likapanda na neno likaanza kufutika kutoka nyuma. T, kisha N, kisha A. Kwa dakika chache jiwe halikuomba kitu chochote, na hilo nalo likamtisha, kaburi lisilo na ombi na mjane yuko kwenye bomba.

Akapima kwa rula, akachora kwa penseli, safari hii bila karatasi ya mtu. Akahesabu herufi, kumi. Akahesabu tena. Akashika patasi.

R. E. Q, mkia mfupi. U. I. E. S. Kila baada ya herufi aliweka patasi chini, akaukunja na kuukunjua mkono. C. Alipoanza A, simu ikatetema mfukoni. Aliitoa kwa vidole vyeupe. Jina la mkwe.

Hakupokea. Alijiambia kwamba kama habari ni ile, haitabadilika kwa kungoja herufi mbili. Na kama siyo ile, basi afadhali amalize. Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Akachonga A, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kijiti cha katikati. Jasho lilimwingia machoni. Akaja kwenye T, mstari wa juu, kisha mstari wa kushuka, pigo dogo kwa pigo dogo, akihofia kwamba nyundo ikiteleza hata kidogo atalazimika kusaga tena na mjane hatakuwa na muda huo. Simu ililia mara ya tatu.

Alipopuliza vumbi la T ndipo akapokea.

"Fundi! Mbona hupokei?"

"Sema."

"Mama anauliza umefika herufi gani."

Mama Patasi aliegemea jiwe. Kisha akacheka, kicheko kibaya chenye kwikwi ndani yake. "Mwambie nimemaliza. Mwambie ni mmoja tu."

Alimsikia mkwe akirudia maneno hayo wodini, na sauti ndogo, ya kukwaruza, ikiuliza, "Ameangalia vizuri?"

Mjane alitoka hospitali baada ya siku tisa. Daktari alisema ni dawa za kukausha maji, na huenda ni kweli. Yeye mwenyewe hakubishana na daktari. Alikwenda tu makaburini akiwa ameshikwa mkono, akapitisha kidole kwenye kila herufi ya neno jipya, akarudi nyumbani kulala.

Yalibaki mawe manane. Sista alimwambia anaweza kuyarekebisha kimya kimya, hakuna atakayejua. Mama Patasi alikataa. Nyumbani kwao kimya kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Akaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka wakampa maji ya kunywa. Nyumba ya jiwe la sita ilimfukuza, na mzee wa nyumba akampigia kelele mpaka majirani wakatoka. Alisimama pale akasikiliza yote, kisha siku ya pili akarudi kuomba ruhusa tena.

Ya nane aliiacha mwisho. Ilikuwa ya yule mwana aliyemfuata baba yake baada ya miezi mitano. Mama wa nyumba hiyo ndiye aliyefungua, mikono ina povu la sabuni. Mama Patasi alieleza yote pale pale mlangoni, haraka, asije akakata tamaa katikati. Akamaliza na kungoja.

"Mwanangu alikuwa mgonjwa wa figo tangu darasa la nne," mwanamke akasema taratibu. "Kwa hiyo wewe umekaa huko ukidhani ni patasi yako?"

"Nimedhani, dada. Sijui. Nimeogopa."

Mwanamke alifuta povu kwenye gauni. "Tulimlaza hapo hapo na baba yake. Kaburi moja. Jina lake hatujaliongeza, kila mwaka tunasema mwaka huu." Akaegemea mlango. "Sasa hivi hilo neno linasemaje?"

"Linasema wapumzike."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Basi liache kama lilivyo. Niongezee jina la mwanangu juu yake."

Mama Patasi akatoa daftari. Akamwomba amtajie jina herufi moja moja, polepole, na kila herufi aliitamka kwa sauti kwanza, akangoja mwanamke aitikie, ndipo akaiandika.